Daftari la Geti la Mtaa Wetu

Bellevue, Johannesburg
16 Machi 2025

Mwanangu Jabari, daktari wangu,

Salamu za Ramadhani zikukute umefunga huko kwenye barafu, na kama hujafunga usiniambie, niache na raha zangu. Sisi wazima. Dada yako Lerato mzima, amepandishwa kuwa msimamizi wa zamu pale supamaketi, na ndiye atakayeipiga picha barua hii na kukutumia kwa baruapepe. Ananiuliza kwa nini nisiongee nawe kwenye simu kama binadamu wengine. Nimemwambia kwenye simu unasema "mtandao, Mama, mtandao," halafu unapotea. Barua haina mtandao. Utaisoma mpaka chini.

Sasa usikie habari ya mtaani. Tumeweka geti! Si kamba, si pipa katikati ya barabara kama wanavyofanya wenzetu wa juu kule. Geti la chuma, la kijani, kimo cha watu wawili, na juu ncha kama mikuki. Watu wa Yeoville wakipita wanasimama kulitazama kama wamefika ikulu. Kamati ilipotafuta mtu wa kushika ufunguo, Bwana Radebe, mwenyekiti wetu, alisema mbele ya watu wote: "Ashike Mama Jabari. Mumewe alikuwa mpigania uhuru." Watu wakapiga makofi. Ufunguo ninao shingoni sasa hivi, hata sasa ninapokuandikia unanigusa kifuani. Mlinzi ni Pitchou, Mkongo mmoja mwembamba ambaye kofia yake ya ulinzi ni kubwa kuliko kichwa. Kazi yake ni kusimama. Kufungua ni kazi yangu.

Na mimi sikuishia hapo. Nimenunua daftari la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula: jina, chumba, ametoka nchi gani, ana karatasi gani, inaisha lini. Nimeingiza mtaa mzima, nyumba zote kumi na nne, na unajua nyumba zetu hizi zilivyokatwakatwa vyumba. Ile ya pembeni peke yake imetoa watu ishirini na wawili, wengine wanaishi kwenye varanda wameweka pazia. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la saba Morogoro, lakini mwalimu alikuwa akitundika daftari langu ukutani wavivu wajionee. Sipendelei mtu. Hata Thérèse wa chumba changu cha uani, msusi wangu, ambaye kila Jumamosi ya pili ananisuka twende kilioni, mistari kumi na minne iliyonyooka kama reli, naye nimemwandika kama alivyo: karatasi ya ukimbizi imeisha tangu mwaka jana, anangoja miadi. Pembeni nimemwekea nyota. Kila ambaye karatasi yake imeisha ana nyota.

Jambo lenyewe ni hili. Idi inakaribia, nitakwenda kuswali Mayfair, na wanawake wote pale wanajua unamaliza mwezi wa sita. Bi Amisa, yule ambaye mwanawe anauza simu (hata si simu, ni makava ya simu), aliniuliza kwa ile sauti yake: "Atakuwa daktari wa nini hasa?" Nikamjibu: wa vyote. Lakini nijibu wewe mwenyewe upesi, daktari wa nini? Na nyuma ya karatasi hii nimekuandikia wagonjwa wangu tisa wa mtaani. Anza na Thérèse, miguu inamvimba jioni.

Nakubusu paji la uso,
Mama yako, Mwatumu


Semey, Kazakhstan
11 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Idi njema iliyopita. Nilifunga siku ishirini na sita. Nafurahi kusikia habari za Lerato, mwambie hongera, na mwambie anapopiga picha asiweke kidole, mstari wa mwisho wa kila ukurasa nausoma kwa kubahatisha. Barafu ya mto Irtysh imeanza kupasuka wiki hii. Usiku na mchana inalia kama mtu anakunja mabati.

Mama, Thérèse aende kliniki akapimwe presha. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu mimi si daktari na sitakuwa. Niliacha udaktari mwaka wa tatu. Nilikuwa nataka kukwambia kila mara, halafu unanitajia Bi Amisa, naahirisha.

Nasoma historia. Mwezi wa sita namaliza kweli, sikukudanganya kuhusu mwezi. Tasnifu yangu ni juu ya makazi ya ngome ya Wakosaki. Najua hujawahi kuwasikia. Walikuwa askari wapanda farasi waliokuwa pia wakulima. Wafalme wa Urusi walijenga msururu wa ngome kufuata mto huu, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na mji huu ninaoishi ulianza kama ngome mojawapo. Kati ya ngome na ngome palikuwa na vituo vidogo: handaki, ukuta wa udongo, magogo yenye ncha, mnara wa mbao, na juu ya nguzo fungu la nyasi lenye lami. Adui akionekana, nyasi zinawashwa, kituo kinachofuata kinaona moshi nacho kinawasha. Ndani yake Wakosaki waliishi na wake zao, watoto, ng'ombe na kanisa.

Ilianza hivi. Kila siku nikienda maabara nilikuwa napita kwenye geti la zamani la ngome. Limebaki geti tu, Mama. Ukuta haupo. Limesimama peke yake, na watu wanapita pembeni yake na mifuko ya mboga. Siku moja nikasimama kulitazama nikachelewa maabara. Siku ya pili nikasimama tena.

Najua umekasirika. Niandikie hata kama ni matusi.

Mwanao, Jabari


Bellevue
20 Aprili 2025

Jabari,

Marahaba. Leo ni Pasaka ya wenzetu, Thérèse katoka kanisani na gauni la njano, kaniletea sambaza za kukaanga, vile visamaki vya kwao Kongo, nikala huku nalia, akadhani ni pilipili.

Geti lisilo na ukuta! Mwanangu mimi, niliyemzaa kwa siku mbili na nusu, kaacha kutibu watu anatazama geti lisilo na ukuta! Kama ni mageti, Johannesburg imekukosea nini? Hapa kuna mageti mpaka mageti yana mageti. Kuna nyaya za umeme juu ya ukuta, kuna vigae vya chupa, kuna mbwa, na nyuma ya mbwa kuna Mkongo mwenye kofia. Ungekaa hapa hapa Bellevue ukaandika tasnifu kumi bila kununua koti la manyoya.

Nimekaa nikawafikiria hao Wakosaki wako kwa siku tisa, nikawaona wote. Lerato alinitafutia habari zao kwenye simu, akanisomea nikipika. Eti asili yao kule magharibi wengi walikuwa watoro. Wamewakimbia mabwana zao waliokuwa wakiwatumikisha bure, wakaenda porini wawe huru. Vizuri, nikasema, hawa wanaume. Halafu? Halafu mfalme wa mabwana wale wale akawapa shamba na bunduki, wakageuka walinzi wake! Mtu katoroka nyumba, kesho kasimama mlangoni mwa nyumba ile ile na rungu. Watu gani hao? Hata Pitchou ana adabu kuwazidi, yeye angalau hakuwahi kusema ni mtu huru.

Na Lerato akasoma tena: wenyeji wa hapo, Wakazaki wenye nchi yao, walikatazwa kuleta mifugo karibu na mto, waache ukanda wa kilomita kumi na moja hivi. Mtu anataka kunywesha ng'ombe wake mtoni kwake, aombe kibali. Kibali, Jabari! Baba yako Ephraim alikuwa na miaka kumi na tisa alipoiacha nchi hii kwa ajili ya kibali. Alikuwa akisimamishwa barabarani, barabara hizi hizi ninazokwenda sokoni, anaulizwa pasi na polisi aliye mdogo kuliko yeye. Ndiyo maana nilimpata Morogoro, la sivyo ningempata wapi? Alikaa ukimbizini miaka kumi na mitano. Alisilimu kwa ajili yangu akaitwa Ibrahim wiki mbili, ndugu zangu walipogeuza mgongo akarudi kuwa Ephraim, nikamsamehe kwa sababu alikuwa na shingo nzuri. Huyo ndiye baba yako. Na wewe umekwenda mwisho wa dunia kuandika sifa za watu wa kibali.

Tena ngome zenyewe za udongo na magogo! Niliambiwa ngome nikadhani mawe. Sungura wa Morogoro angechimba akapita. Na wanawake wao walikuwa wapi wakati waume wakichezea nyasi za lami? Hukusema neno. Nyie wasomi mkiandika vita wanawake mnawaweka jikoni halafu mnasahau kuwa kuna jiko.

Mayfair nimesema mtihani umesogezwa mbele. Usinijibu hapo.

Hapa angalau kuna watu wanaothamini kazi. Bwana Radebe aliliona daftari langu akalishika kwa mikono miwili. Akasema: "Mama Jabari, hata manispaa hawana kitu kama hiki. Tutoe kopi, kamati za mitaa mingine zijifunze." Nimetoa kopi kumi kwenye duka la Msomali, nikazifunga kwa jalada la plastiki, na mbele nimeandika: Imetayarishwa na Bi Mwatumu. Nyota zimetoka safi sana. Hiyo ndiyo kazi, mwanangu. Wakosaki wako wasikie.

Bado ni mama yako, kwa bahati mbaya yako,
Mwatumu


Semey
8 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa namalizia tasnifu. Nimeitetea Jumatano. Nimepita. Niliambiwa na mwalimu mmoja mzee kwamba sura ya tatu ni nzuri, na huyo hasifu hata chai. Nilitamani kukwambia siku ile ile, nikashika simu, nikaiweka.

Sikuandika sifa zao. Hilo ulilosema kuhusu watoro waliogeuka walinzi ndilo mimi nimeliandika kwa kurasa mia moja na ishirini, wewe umelisema ukipika.

Uliuliza wanawake. Kuna mto mwingine mbali magharibi, Terek, nako kulikuwa na ngome za Wakosaki. Mwaka 1774 wanaume wa ngome moja walikuwa vitani, maadui wakaja wengi, ndani wamebaki wanawake, wazee na watoto. Wanawake wakapanda ukutani. Walikuwa na mundu na mauma ya nyasi, wakamwaga maji ya moto. Walipoishiwa maji ya moto wakamwaga na supu iliyokuwa jikoni. Ngomeni hakuingia mtu.

Na sura ya tatu, ile aliyoisifu mzee, ni juu ya kitu kidogo. Katika baadhi ya mistari ya ngome, Wakosaki walikuwa wakichomeka vijiti laini vilivyopindwa, ncha zote mbili ardhini, kimoja baada ya kingine, kilomita kwa kilomita kati ya kituo na kituo. Havimzuii mtu. Lakini asubuhi doria ikipita inaona kijiti kipi kimeng'oka, inajua pale amepita mtu, inamfuata. Kazi ya kuvichomeka ilikuwa ya watu wa kawaida wa kijijini. Hawakumpiga mtu yeyote. Walichomeka vijiti tu, wakarudi kula.

Mama, hizo kopi kumi zimekwenda kwa nani? Hapa nasoma kwamba huko kwenu watu wanaandamana wakikagua karatasi mlango kwa mlango. Nakuomba, zirudishe zote. Ile ya kwako ifungie kabatini. Nakuomba sana.

Jabari


Bellevue
29 Juni 2025

Mwanangu Jabari,

Marahaba. Hongera kwa kupita. Nimemshukuru Mungu, kupita ni kupita.

Hapa ni baridi kali. Asubuhi bomba la uani linatoa hewa tu mpaka saa tatu. Goti langu halina habari mpya. Lerato kanunua hita ndogo, inanuka nywele zilizoungua. Bi Amisa kaanguka kwenye ngazi za msikiti lakini hakuumia, kapiga kelele tu kama kawaida yake, wakaja wanaume sita kumwinua mtu wa kilo hamsini.

Supu! Eti wakamwaga supu. Wanawake wa namna hiyo watoto wao walikula nini jioni? Nimecheka.

Geti lipo. Pitchou ameacha kazi, hajasema sababu, Wakongo hawaagi. Sasa hakuna mtu wa kusimama pale, watu wanajipitia. Mimi sitoki sana. Kichwani nafunga kitambaa, kwa ajili ya baridi.

Daftari unaloniuliza lipo kabatini.

Ule chakula cha moto, usile vitu vya makopo.
Mama


Semey
6 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako ni ukurasa mmoja. Hujawahi kuniandikia ukurasa mmoja tangu nijue kusoma.

Na humo hamna Thérèse. Kila barua yako tangu niondoke ina Thérèse: Thérèse kasema hivi, Thérèse kaleta samaki, Thérèse kanisuka. Nimemuuliza Lerato, kanijibu maneno mawili: "Muulize Mama." Nakuuliza. Thérèse yuko wapi?

Mimi nilikuficha miaka minne na ulipojua hukuacha kuniandikia. Sitaacha.

Jabari


Bellevue
17 Agosti 2025

Jabari mwanangu,

Wiki sita nimekaa na barua yako fupi kuliko yangu. Nimeichapa kofi mara mbili. Lerato hatanisaidia kuandika hii, nimemwambia apige picha amefumba macho. Hatujambo. Sasa soma mpaka chini kama nilivyokwambia mwezi wa tatu.

Ile barua yako ya tarehe nane, ya vijiti, Lerato alinisomea siku ile ile ilipofika. Ulisema nizirudishe kopi. Nilikuwa na siku sita. Nilitoka nikaenda mpaka kizingitini kwa Bwana Radebe, nikamkuta anawaonyesha watu wawili nisiowajua, anasema, "Huyu hapa mama mwenyewe aliyeandika." Wakanipa mikono. Nikarudi nyumbani bila kudai kitu. Nilirudi nikitembea vizuri, Jabari. Bila goti.

Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, nimekaa kwenye kigoda uani, Thérèse ananisuka. Amemaliza mistari saba ya upande wa kulia. Jua limetoka kidogo, chai ipo. Anamsema mchungaji wao anavyohubiri kwa kulia, nacheka mpaka ananiambia "tulia Mama Jabari, utapata njia ya nyoka." Tukasikia nyimbo barabarani. Halafu geti likagongwa.

Pitchou akaja mbio kwangu. Kofia kaishika mkononi. "Mama, ni bengi. Usifungue." Mara ya kwanza tangu aajiriwe mlinzi kutoa shauri. Nikamwambia wewe kazi yako kusimama. Nikajifunga kanga kichwani, nusu nimesukwa nusu manyoya, nikaenda. Nje watu kama mia hivi, na fimbo, na bendera, na mbele yao Bwana Radebe katabasamu. "Mama Jabari, ni ukaguzi tu. Wanalinganisha na daftari lako." Na mkononi mwa mmoja wao nikaiona plastiki yangu. Imetayarishwa na Bi Mwatumu.

Wale wako wa supu walifunga. Mimi nilifungua. Hakuna aliyenipokonya ufunguo. Niliutoa shingoni mwenyewe, nikauingiza, nikauzungusha, na kwa sababu kufuli lilikuwa na baridi nikalipulizia pumzi kwanza lilainike.

Hawakupiga mtu. Niliambiwa baadaye mtaa wa pili walipiga. Kwetu hawakuhitaji, walikuwa na mwandiko wangu. Walipita nyumba kwa nyumba wakisoma, jina, chumba, na penye nyota wanasimama. Hawakukosea mlango hata mmoja. Kumi na tisa, wote nje, na magodoro yao, na sufuria. Kwa Thérèse walitoa kiti chake cha saluni, ile mashine ya kukaushia nywele, na lile gauni la njano likakanyagwa. Yeye alikuwa bado ameshika kitana changu. Akanitazama, akakiweka juu ya kigoda polepole, akaenda kuokota nguo. Halafu mmoja wa wale vijana, mdogo kuliko wewe, akanigeukia na mimi, akaniita bibi kwa Kizulu: "Na wewe gogo, karatasi?" Nikasema mimi ndiye niliyeandika hilo daftari. Akasema, "Karatasi." Nikaingia ndani nikaleta. Nikadondosha kitambulisho, akaninyanyulia, akakiangalia pande zote mbili mbele ya watu wote. Bwana Radebe alikuwa anatazama viatu.

Hilo ndilo nililolificha. Siyo Thérèse tu. Ni kwamba nilikuwa na siku sita.

Pitchou ndiye aliyewabebea mizigo mpaka kwenye robot, kwenye taa za barabarani, watu wote, safari baada ya safari. Alipomaliza akatundika kofia juu ya mkuki mmoja wa geti akaondoka. Bado ipo. Mvua haijanyesha.

Nimekaa miezi miwili kichwa kimesukwa nusu. Wanawake wa Mayfair wana wasusi, Wasomali wana wasusi, Lerato alitaka kunifumua. Nilikataa. Kitambaa sikivui hata kulala.

Wiki iliyopita nikasikia Thérèse yupo Jeppestown. Jana nikaenda, na mkoba, ndani nimeweka mchele, sambaza, na lile gauni nililolifua mara tatu. Anakaa juu ya gereji ya kutengeneza giaboksi, ngazi zote zina grisi, na mlangoni kuna nondo. Nikagonga. Akaja akasimama nyuma ya nondo. Miguu imevimba, mwanangu, asubuhi, siyo jioni.

Nikasema: "Mama Thérèse, ni mimi."

Akasema: "Mimi nani?"

"Mwatumu. Mama Jabari."

"Unatoka mu inchi gani?"

Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Nikamwambia Tanzania, Morogoro.

"Chumba namba ngapi?"

Nikasema.

"Karatasi iko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikamwonyesha kupitia nondo. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wawili wamekaa wanangoja kusukwa, wanasikiliza kila neno. Akauliza na tarehe inapoisha. Nikasema haiishi, ni ya kudumu. "Aaa," akasema, "ya kudumu." Akaenda zake kumaliza kichwa cha mteja. Nilisimama pale kwenye grisi, halafu goti likakataa, nikakaa kwenye ngazi. Fundi mmoja wa chini akaniuliza kama natafuta giaboksi. Saa moja na nusu, Jabari, mimi niliyeshika ufunguo wa mtaa mzima.

Aliporudi nikamwuliza, unaniandika? Maana nilimwona na daftari la shule pale mezani, la miadi ya wateja. Akafungua kufuli. "Mimi siandikake watu, mama. Ingia."

Hakunipa chai. Gauni hakuligusa. Alinikalisha, akafungua kitambaa, wale wanawake wawili walipoona kichwa changu wakaangua kicheko, na yeye hakuwanyamazisha. Halafu akasuka mistari saba iliyobaki. Aliivuta. Kila unywele aliuvuta kama anataka kujua umefungwa wapi. Machozi yananitoka. Alipomaliza nikauliza nirudi lini kufumua. Akasema, "Jumamosi ya pili." Basi. Akanifungulia, akafunga.

Nimekata jina langu kwenye jalada la daftari nikalichoma jikoni lote, jalada limetoa moshi mweusi mpaka jirani kapiga kelele. Lakini kopi kumi ziko nje huko na sizijui zilipo, hilo wewe na mzee wako wa chai mnalijua zaidi yangu. Ufunguo nimeutupa kwenye shimo la maji machafu. Bwana Radebe anataka tununue kufuli jipya. Nimemwambia ashike yeye, mkewe ana shingo.

Na Ijumaa nilimwambia Bi Amisa kwamba wewe si daktari, umesomea ngome za Wakosaki. Akasema, "Maskini, kazi gani hiyo?" Nikamwambia aje mtaani kwangu nimwonyeshe. Akasema mwanao kapotea. Nikamwambia wa kwako anauza makava. Tasnifu yako niletee, hata kama imeandikwa kwa lugha yao, nitaiweka kabatini palipokuwa na daftari. Niandikie hasa ile sura ya tatu kwa Kiswahili, na usinisitiri.

Upande wa kulia umechakaa, wa kushoto umekaza mpaka jicho limepanda. Kichwa kinaniuma tangu jana hata nikipepesa. Ungekuwa daktari ningekuuliza dawa. Si daktari, kwa hiyo usiniambie ninywe kitu. Nakiacha kiniume.

Mama yako,
Mwatumu